Muulize Mzee wa Reli: Klipu si kabari

Safu hii huandikwa na mkaguzi wa njia mstaafu, mkazi wa Tororo. Barua za mara hii zote zimeangukia jambo moja: namna reli inavyoshikwa kwa klipu, yaani vyuma vya kuibania, juu ya taruma la zege, lile pao zito linalolazwa chini ya reli kukingama.

SWALI: Salaam mzee. Nina miaka 24, nimepata kibarua kwenye genge linalofunga reli huku kati ya Namanve na Mukono. Mataruma ya chuma ya zamani yametolewa, tunalaza ya zege. Kazi yangu ni kupiga klipu. Juzi foromani alinifokea mbele ya wenzangu kwa sababu nilizipiga mpaka zikazama kabisa, akaniamuru nizing'oe zote arobaini nianze upya. Mimi nilijua kitu kikikazwa zaidi ndiyo usalama zaidi. Ananionea?
— *Kijana wa Nyundo, Mukono*

JIBU: Mwanangu, hakuonei. Kukufokea mbele za watu ndiko sikupendi. Mimi mtu akikosea nilikuwa namwita nyuma ya toroli, tunamalizana huko. Lakini klipu zile ilibidi zitoke, na kosa lako nalijua vizuri kwa kuwa nililifanya mimi kabla hujazaliwa.

Nilianza kibarua hapa Tororo mwaka 1984. Mataruma yalikuwa ya chuma, yamekunjwa mfano wa karai lililofunikwa, na reli ilishikwa kwa kabari. Kabari ni kipande cha chuma chenye unene upande mmoja na wembamba upande wa pili. Unakipachika kati ya unyayo wa reli na sikio la taruma, unagonga. Kabari haina siri: ikilegea, gonga. Kila asubuhi nilitembea na nyundo yangu nikizigusa moja moja. Iliyokaza hulia *ngii* kama kengele, iliyolegea hujibu kama debe bovu. Kwa miaka sikio langu lilizoea hivyo, na mkono wangu ukazoea kugonga mpaka isikike *ngii*.

Mara ya kwanza kushika kazi ya zege nilikuwa kwa majirani zetu, Mbeya, kwenye njia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Wale walilaza zege tangu reli yao ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975. Baadaye nikapata mkataba mahali pengine, sipataji, ndipo nikakutana na klipu yenyewe hii unayoipiga, iliyopindwa kama herufi ndogo ya *e*. Nikaishika nyundo kwa mazoea ya Tororo. Nikagonga mpaka mwisho. Nikajisifu.

Sasa tuelewane. Taruma la mti hubonyea kidogo. La chuma hunesa. Zege halibonyei wala halinesi, ni jiwe. Gurudumu linapokanyaga reli, reli hushuka nukta kidogo, na hatua chache mbele ya gurudumu reli hiyohiyo hujaribu kuinuka, kama mkeka unavyovimba mbele ya mguu wa mtu anayeuburuza. Inashuka, inainuka, gurudumu baada ya gurudumu, mabehewa yote. Ukiibana kwa kitu kikavu kisichocheza, nguvu yote ya kuinuka inaishia kwenye hicho kitu na kwenye jiwe lililokishika. Mwisho chuma kinalegea au zege linapasuka.

Kwa hiyo klipu ni springi. Chukua kibanio cha nguo cha mke wako pale kambani. Kinabana shati, kinabana na blanketi, kwa kuwa nguvu yake iko kwenye waya uliopindwa ndani. Kamba ya fundo nayo itabana shati sawasawa, lakini shati likinyauka kidogo fundo limekwisha kazi.

Tia hesabu. Klipu moja ya aina hii, ikiwa imekaa panapotakiwa, kidole chake, yaani ncha inayokalia reli, kinaibonyeza reli kwa uzito wa kama tani moja. Ili kufika hapo, springi imelazimika kupanuka kiasi cha milimita 13. Sasa tuseme pedi ya mpira chini ya reli imechakaa, imepungua milimita moja. Klipu imepoteza sehemu moja katika kumi na tatu, yaani kama kilo 75 tu kati ya tani nzima. Reli bado imeshikwa barabara. Bolti kavu isiyo na springi, ikipungukiwa na hata nusu milimita, haibani tena kitu, imebaki pambo. Ile milimita 13 ya kunesa ndiyo tunayoilipia tunaponunua klipu, na ndiyo uliyokuwa ukiiharibu kwa nyundo.

Ukiizamisha kupita kiasi, mkunjo wa klipu unagonga bega, yaani kile chuma kilichomwagiwa zege pamoja na taruma kiwandani. Kidole kinahama mahali pake juu ya kihami cha nailoni, kile kipande kinachokaa kati ya klipu na reli, na kihami kinapasuka. Klipu yenyewe inapinda zaidi ya ilivyofuliwa kustahimili, na chuma cha springi kikishapinda hivyo hakirudi. Kwa macho itaonekana imekaa, ila nguvu imeshuka na hutajua. Baya kuliko yote ni bega. Likianza kucheza ndani ya zege, hakuna fundi wa kulirudisha kwa nyundo. Taruma zima linatolewa, na lile zito halibebwi na mtu mmoja wala wawili.

Basi acha wapi? Tazama mguu wa kati, ule ulionyooka unaoingia kwenye jicho la bega. Ncha yake ikitokea upande wa pili sawa na ukingo wa bega, simama. Kati ya mkunjo na bega pabaki mwanya unaoonekana. Watengenezaji hutofautiana kidogo, mwombe foromani akuonyeshe kipimo cha klipu zenu; kama alikufokea bila kukuonyesha, hapo namlaumu. Na usiiache nje pia. Iliyoishia njiani hutembea yenyewe kwa mtikisiko mpaka ikaanguka kwenye kokoto.

Jambo jingine linalowachanganya wageni: klipu zote zimepindwa upande mmoja. Ndiyo maana kwenye reli moja, ya nje utaipiga ukielekea Jinja na ya ndani utaipiga ukielekea Kampala. Usijaribu kuzilazimisha zote ziingie kutoka upande mmoja ili kazi iende haraka. Nimeona kijana mmoja akifanya hivyo asubuhi nzima.

Kabla hujafika kwenye nyundo kuna kazi ambayo naona vijana wanaidharau, nayo ndiyo inayoamua kama taruma litaishi miaka mingi au michache. Fagia kiti cha reli, pale juu ya taruma reli inapokaa. Usifute kwa buti, fagia kwa brashi. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya pedi, halafu mvua za Namanve zikaingia (na pale kinamasi ni kinamasi, maji hayangoji mwaliko), umetengeneza jiwe la kusagia. Treni ndiyo inayosaga. Baada ya muda ukiondoa pedi utakuta zege limelika, limefanya shimo kama kinu kilichochoka, na reli imelala upande. Kiti cha reli kimeinamishwa ndani kidogo makusudi, ili reli zote mbili ziegemee katikati ya njia na magurudumu yakae vizuri. Kikilika, ule mwinamo umekwenda.

Halafu pedi. Ilale sawa, masikio yake yakumbatie mahali pake, isitokeze upande. Halafu reli ishuke juu yake bila kuiburuza. Halafu kihami kila upande, kati ya unyayo wa reli na bega. Kihami kina kazi mbili: kuzuia umeme wa taa za ishara usivuje kwenda kwenye taruma, pale penye mitambo hiyo, na kujaza nafasi ili upana wa njia ubaki vilevile. Kwenye kabari ya zamani uliweza kuibana njia ama kuifungua kwa kugonga huku au kule. Kwa zege, mabega yamekwisha kuganda kiwandani, kwa hiyo milimita 1,000 zetu zinategemea yale mabega na unene wa vile vihami. Ukiweka kihami kilichopasuka, umeuza upana.

Sasa nikueleze lile la kujisifu kwangu. Siku ile, kwenye mkataba ule, nilikuwa nimesimama uso kwa uso na klipu, nikaigonga ikiwa imekaa upande. Ikaruka. Sikuiona. Nilisikia upepo tu, kisha nikahisi chumvi mdomoni. Jino la mbele, hili ninalolifunika kwa mkono nikicheka, lilibaki kwenye kokoto. Ingekuja sentimita kumi juu zaidi, leo safu hii ingeandikwa na mtu mwingine. Hatukupewa miwani wala chombo cha kuvutia klipu, zilikuwepo nyundo tu, na nilipouliza niliambiwa wengine hawalalamiki. Wewe kama genge lenu lina ule mtaimbo maalumu wa kuingizia na kung'olea, utumie hata kama wenzako wanakucheka kwamba nyundo ni haraka. Kama ni nyundo, simama ubavuni, kamwe usisimame kwenye mstari ambao klipu itaufuata, wala usimruhusu mwenzako akushikie kwa mkono. Na zile arobaini ulizong'oa, usizirudishe zote bila kuzikagua. Weka kila moja kando ya mpya. Iliyofunguka au kulala kuliko mpya, itupe kwenye ndoo ya mabovu.

Bado umeniuliza juu ya usalama, na sijamaliza. Klipu haizuii reli kuinuka tu. Inaizuia pia kutembea. Reli hutembea, hasa kwenye mteremko treni inapopiga breki, na kwa joto. Kipande cha mita 12, kikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya asubuhi, kinarefuka kama milimita 4, na ile nafasi kwenye jointi inameza. Lakini reli iliyochomelewa ikawa ndefu haina pa kurefukia. Chukua reli ya kilo 54 kwa mita: kwa nyuzi zilezile 30, ukiizuia isirefuke, inasukuma kwa nguvu ya tani 50 na ushei. Kila reli. Nani anazuia tani hizo? Mataruma, kila moja kwa sehemu yake ndogo. Klipu mbili zinabana tani mbili, na msuguano wa pedi unazuia kama tani moja kabla reli haijaanza kuteleza. Kazi iliyobaki ni ya kokoto, zijazwe mpaka kwenye ncha za taruma ili taruma lenyewe lisihame. Klipu zikiwa legevu sehemu moja, reli inateleza kutoka hapo na kujikusanya mahali pengine, na siku ya jua kali njia inapinda kama nyoka. Nimewahi kusimamisha treni ya mizigo kwa bendera nyekundu kwa ajili ya mpindo wa namna hiyo, saa nane mchana, jasho likinitiririka mpaka viatuni.

Nenda kamwombe foromani radhi, kisha mwombe kipimo.

SWALI: Mzee, mimi nauza makaa karibu na njia hapa Malaba. Mwanangu wa darasa la tano ameleta nyumbani vyuma vitatu vilivyopinda, anasema kavikuta kando ya reli. Anavitumia kuzuia mlango. Jirani ameniambia nivipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Je, ni vitu vya maana?
— *Mama Makaa*

JIBU: Mama, usivipeleke huko. Hizo ndizo klipu ninazozieleza hapo juu. Kila moja haifiki kilo nzima, bei yake kwenye mizani ya chakavu haikununulii hata sabuni ya wiki, na mtu akikukuta nazo utaeleza mpaka uchoke.

Kama kweli zilikuwa chini kwenye kokoto, huenda zilitoka zenyewe au ziliachwa na genge. Mtume mtu mzima, asiwe mtoto, azipeleke stesheni na aonyeshe mahali zilipookotwa. Mahali ndiyo muhimu kuliko chuma. Asijaribu mtu yeyote kuzirudisha kwa jiwe au nyundo ya nyumbani. Jino langu linatosha.

Je, zikikosekana tatu treni inaanguka? Hapana, kama zimetawanyika. Mataruma yakilazwa kila sentimita 60, kilomita moja ina mataruma karibu 1,667, na kila moja lina klipu nne, mbili kwa kila reli. Ni klipu zaidi ya 6,600 kwa kilomita, na jirani hubeba mzigo wa jirani. Shida ni zikikosekana mfululizo, upande mmoja, kwenye kona. Kwenye kona gurudumu linaisukuma reli ya nje. Bega linaizuia isihame pembeni, lakini kinachozuia isipinduke ni klipu. Taruma moja bila klipu, jirani zake wanavumilia. Manne, matano yakifuatana, wale jirani nao wanachoka.

Tulidhani zege litatuondolea wizi. Kwenye njia ya kaskazini, ya kwenda Gulu, ilipokaa miaka bila treni mataruma ya chuma yaling'olewa yakauzwa kama chakavu. Zege hakuna wa kulinunua, nani ataliweka wapi? Basi mkono ukahamia kwenye kile kidogo kinachobebeka. Mtoto wako hana kosa, mwambie tu kwamba mlango utazuiliwa na jiwe.

SWALI: Mzee, wanafunzi wangu wameniuliza nani aliyebuni klipu hizo zenye umbo la *e*, nami sikuwa na jibu.
— *Mwalimu, Tororo*

JIBU: Mwalimu, asili yake ni mhandisi wa Norway, Per Pande-Rolfsen, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya Uingereza ilichukua haki ya kuitengeneza na baadaye ikajiita Pandrol. Waambie watoto walikate jina la yule bwana vipande: *Pand* na *Rol*. Umbo lake la kwanza halikuwa hili tunaloliona leo. La *e* lilikuja baadaye. Magenge mengi hayaiti klipu hiyo hata kwa jina la Pandrol, wanasema tu klipu.

Ukitaka somo la fizikia, chukua klipu kuukuu, kama genge litakupa, uwaonyeshe sehemu tatu zinazogusa: mguu wa kati ndani ya bega, kisigino juu ya bega, kidole juu ya reli. Ni mizani ya nyenzo, ila badala ya mtu kukandamiza, chuma kinajikandamiza chenyewe.

SWALI: Nimeona kwenye reli nyingine klipu zenye umbo la *w* zilizofungwa kwa skurubu, hazipigwi nyundo. Zipi bora? Na je, hizo nazo hukazwa kwa kiasi?
— *Fundi Welda, Iganga*

JIBU: Zote ni springi, kazi ni ileile. Ya *e* ni haraka kuifunga na haina cha kukaza tena. Ya *w*, Wajerumani wameipenda sana, inabanwa na skurubu inayoingia kwenye mrija wa plastiki uliogandishwa ndani ya zege. Ukiharibika mrija hubadilishwa, tofauti na bega. Lakini inakutaka uwe na spana na mtu mwaminifu wa kurudi kukagua. Mimi ningependa ya *e* mahali ambapo magenge ni machache, na kwetu ni machache.

Kwa kukaza: tazama mkunjo wa katikati wa ile *w*. Unashuka kadiri unavyozungusha spana. Ukishagusa tu bamba lililo chini yake, acha. Ukiendelea unavunja klipu au unachana mrija. Paka mrija grisi kabla ya kuingiza, la sivyo maji yatakaa mle na skurubu itagoma siku utakapoihitaji. Wala usianze kuiingiza kwa nyundo ili kuokoa muda, uzi wa plastiki hausamehe. Na ukisikia skurubu inazunguka bure bila kubana, usiifiche kwa kuipiga kichwani ionekane imekaa. Weka alama ya chaki kwenye taruma, uandike namba ya kilomita, umpe foromani kabla ya treni ya jioni.